Kufungua na Kufunga Sauti Jukwaani: Historia ya Kidokezo cha Maikrofoni katika Maonyesho ya Kiswahili, kwa Kurejelea Ufipa

1.0 Utangulizi

Mtu akitamka neno *hawatauza*, na silabi ya kwanza ya neno hilo isisikike, msikilizaji habaki na neno lenye pengo. Anabaki na neno kamili, *watauza*, ambalo maana yake ni kinyume cha lililokusudiwa. Ndivyo ilivyo kwa *hatutakubali*, ambalo hubaki *tutakubali*, na kwa *haitawezekana*, ambalo hubaki *itawezekana*. Hata msemo wa Kiswahili unaojulikana zaidi kwa watu wasiojua Kiswahili, yaani *hakuna matata*, ukikatwa silabi moja tu ya mwanzo hugeuka kuwa *kuna matata*.

Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halileti madhara makubwa. Msikilizaji humwona msemaji usoni, na asipoelewa huuliza. Katika maonyesho yanayotumia maikrofoni nyingi, hata hivyo, kupotea kwa silabi ya kwanza ni ajali inayotokea kwa urahisi sana. Hutokea kila fundi anayesimamia mitambo ya sauti anapochelewa kidogo kufungua maikrofoni ya mhusika anayeanza kusema. Ajali hiyo huonekana kuwa ya kiufundi tu. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa Kiswahili, ni ajali ya kisarufi pia, na kwamba historia ya jitihada za kuikabidhi mashine kazi ya kufungua na kufunga maikrofoni haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kuzingatia muundo wa lugha inayosemwa jukwaani.

Mjadala unarejelea Ufipa kwa sababu mbili. Kwanza, sanaa simulizi ya Wafipa imekusanywa na kuchapishwa, nayo inasaidia kueleza namna zamu ya kusema ilivyogawanywa kabla ya umeme. Pili, Ufipa ina historia mashuhuri ya ufuaji chuma, na historia hiyo inatoa mfano wa kiasili wa swali linaloulizwa hapa: ni kazi gani iachiwe chombo kijiendeshe, na ni kazi gani ibaki mikononi mwa mtu.

2.0 Kuhusu istilahi

Ugumu wa kwanza ni wa majina. Katika matumizi ya kila siku *kipaza sauti* ni jina la vifaa viwili vyenye kazi tofauti: kile kinachopokea sauti kutoka kinywani mwa msemaji, na kile kinachoitoa sauti hiyo ikiwa imekuzwa. Mkutanoni mtu huambiwa ashike kipaza sauti, na papo hapo hadhira hulalamika kwamba vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mti havisikiki. Mafundi na wanamuziki wameshaepuka utata huo kwa njia ya ukopaji, wakasema *maiki* kwa kifaa cha kwanza na *spika* kwa cha pili. Katika mhadhara huu kifaa cha kupokelea kitaitwa maikrofoni.

Neno la pili ni *kidokezo*. Katika tamthilia, kidokezo ni neno au kitendo kinachomjulisha mhusika, au fundi, kwamba zamu yake imefika. Mhusika anayesubiri kuingia jukwaani hasikilizi hotuba nzima ya mwenzake kwa uzito uleule, bali husubiri maneno yake ya mwisho. Fundi wa taa na fundi wa sauti husubiri vivyo hivyo. Kidokezo cha kunyamazisha, basi, ni ishara inayoonyesha ni wakati gani maikrofoni fulani ifungwe na nyingine ifunguliwe.

3.0 Zamu ya kusema kabla ya umeme

Kabla ya maikrofoni, kufungua na kufunga sauti kulifanywa na msanii mwenyewe akishirikiana na hadhira. Mtambaji wa Kiswahili husema *paukwa*, na wasikilizaji hujibu *pakawa*. Anayetega kitendawili husema *kitendawili*, naye huruhusiwa na wenzake kwa neno *tega*. Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kuyaita mafungu haya fomula za kufungulia. Kwa mtazamo wa mada hii, mafungu hayo ni vidokezo. Neno la kwanza huomba nafasi ya kusema, na neno la pili huitoa. Pasipo jibu, mtambaji hana ruhusa ya kuendelea, na kwa hiyo sauti yake hufunguliwa na wale watakaoisikiliza.

Kuhusu Ufipa, shahidi muhimu ni Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1962. Mwaka 1978 alichapisha mkusanyiko wa sanaa simulizi ya Wafipa ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa *Palikuwa na Mtu Mmoja*. Katika maandishi yake kuhusu jamii hiyo, Willis alisisitiza namna mazungumzo ya hadharani yanavyothaminiwa. Kwake, masimulizi na mijadala ya kijijini ilikuwa sehemu ya namna watu walivyojenga uhusiano wao. Katika mazingira ya aina hiyo, umahiri wa msemaji hupimwa pia kwa namna anavyopokea na kuachia zamu.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, katika utambaji sauti inayosikika mbali ni ya mtu mmoja, na nyingine huingia kwa pamoja kama kiitikio. Pili, muda hauna kipimo maalumu, kwa kuwa hadithi hurefuka au hufupika kufuatana na hadhira. Tatu, hakuna mtu wa kando anayeamua nani asikike. Maikrofoni ilipoingia, mambo yote matatu yaliguswa.

4.0 Kuingia kwa maikrofoni

Maikrofoni haikuanzia jukwaani. Ilianza kutumika katika unasaji wa santuri mwaka 1925, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake kutoka Zanzibar walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya HMV. Katika kurekodi kwa namna hiyo tatizo la kufunga na kufungua halikuwapo. Maikrofoni ilibaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na waimbaji ndio waliojipanga mbele yake.

Redio iliongeza hatua nyingine. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, ukawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kupitia redio hiyo michezo kama *Pwagu na Pwaguzi*, na baadaye *Twende na Wakati* ulioanza mwaka 1993, ilisikika hadi katika vijiji vilivyo mbali kabisa na studio. Katika mchezo wa redio mwigizaji hujifunza kumtumia fundi kwa mwili wake: husogea karibu na maikrofoni ili asikike karibu, na hurudi nyuma ili asikike akiondoka. Taa nyekundu ya studio ndiyo kidokezo kikuu. Ikiwaka, chumba kizima hunyamaza isipokuwa mwenye zamu.

Jukwaani mabadiliko yalionekana zaidi katika vikundi vikubwa vya sanaa vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990, kama vile Muungano Cultural Troupe kilichohusishwa na Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre kilichoongozwa na Kapteni John Komba hadi alipofariki mwaka 2015. Onyesho moja la vikundi hivyo liliweza kuchanganya ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Kwa namna hiyo, ulimwengu wa Kiswahili ulikuwa na maigizo ya muziki ya aina yake yenyewe, ingawa hayakuitwa kwa jina hilo. Mpangilio huo ulimlazimu fundi kufanya kazi iliyo tofauti sana na ya bendi. Katika bendi mwimbaji hushika maikrofoni na kuiachia mwenyewe. Katika mchezo wenye nyimbo, mhusika ana mikono yenye kazi nyingine: anabeba mtoto, anapigana, anapika.

Sumbawanga iko katika historia hii kwa namna yake. Mji huu ulio juu ya uwanda wa Ufipa, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi umeme wake ulivutwa kutoka Zambia, nchi jirani, badala ya kutoka gridi ya taifa. Onyesho linalofanyika katika mji kama huu hufanyika mara nyingi katika uwanja wa wazi, ukumbi wa shule au wa kanisa. Mahali hapo pana mwangwi au upepo, na wasikilizaji wengi wana lugha mbili, Kifipa cha nyumbani na Kiswahili cha hadharani. Msikilizaji wa aina hii huitegemea sauti iliyo kamili, kwa maana hawezi wakati wote kukisia sehemu iliyopotea.

5.0 Tatizo la maikrofoni nyingi

Maikrofoni isiyo na waya ilianza kujulikana zaidi baada ya kutumiwa katika filamu. Katika filamu ya *My Fair Lady* ya mwaka 1964, Rex Harrison alivalishwa maikrofoni ya aina hiyo ili aweze kuimba moja kwa moja mbele ya kamera. Katika miongo iliyofuata, kumbi za London na New York zilizoea kuwavalisha wahusika wakuu maikrofoni ndogo zilizofichwa katika nywele au mavazi, mpaka onyesho moja likawa na maikrofoni 20 au 30 kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Maikrofoni iliyo wazi haipokei sauti ya mwenye nayo peke yake. Hupokea ngoma, nyayo, kikohozi, na sauti inayotoka katika spika zenyewe. Sauti ya spika ikirudi katika maikrofoni kwa nguvu ya kutosha, huzunguka na kuzaa ule mluzi mkali unaojulikana na kila mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara. Mafundi wana kanuni moja ya hesabu kuhusu jambo hili: kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka maradufu, kiasi ambacho sauti inaweza kukuzwa bila mluzi hupungua kwa desibeli 3. Maikrofoni 16 zikiwa wazi badala ya moja, hasara hufikia desibeli 12. Aidha, wahusika wawili wanapokumbatiana, sauti ya kila mmoja huingia katika maikrofoni mbili kwa tofauti ndogo ya muda, na matokeo yake ni sauti yenye uwazi ndani yake, kana kwamba msemaji yuko ndani ya mtungi.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kufunga kila maikrofoni isiyotumika. Fundi hukaa mbele ya mikisa akiwa na maandiko ya mchezo, na kwa kila mstari hufungua maikrofoni ya anayesema na kuifunga ya aliyemaliza. Katika mchezo wa saa mbili, kazi hiyo hurudiwa mamia ya mara kila usiku. Haishangazi kwamba watu walianza mapema kufikiria namna ya kuikabidhi mashine.

6.0 Njia tatu za kuikabidhi mashine kazi

Njia ya kwanza hutegemea nguvu ya sauti. Mashine hupima sauti inayoingia katika kila maikrofoni, na huifungua ile inayovuka kiwango kilichowekwa. Sura iliyo bora zaidi ya njia hii ilibuniwa katika miaka ya 1970 na Dan Dugan wa San Francisco, fundi aliyekuwa ameshughulikia sauti ya mchezo wa muziki wa *Hair* mwishoni mwa miaka ya 1960. Kifaa chake hakifungi wala kufungua kwa ghafla, bali hugawa ukuzaji. Maikrofoni yenye sauti kubwa hupewa sehemu kubwa, nyingine hupunguziwa, na jumla ya zote hubaki kana kwamba maikrofoni iliyo wazi ni moja tu.

Njia ya pili hutegemea saa. Muziki uliorekodiwa huambatana na alama za muda, na mashine hufungua na kufunga maikrofoni kila alama inapofikiwa. Njia hii ni sahihi mno pale ambapo onyesho lenyewe halibadiliki hata kidogo.

Njia ya tatu hutegemea orodha ya vidokezo. Msingi wake ni mfumo wa MIDI uliotolewa mwaka 1983, ambao uliwezesha ala na vyombo vya umeme kupeana amri. Mwaka 1991 ulipatikana utaratibu wa amri hizo uliolenga hasa maonyesho ya jukwaani. Mwaka 2006 ilitolewa programu ya QLab, inayopanga vidokezo vya sauti katika orodha na kuvitekeleza kimoja baada ya kingine kila fundi anapobonyeza kitufe. Kwa bonyezo moja programu ya aina hiyo huweza kuiamuru mikisa ya kidijitali ifunge maikrofoni sita na kufungua mbili. Mikisa hizo zilikuwa ghali mno mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini kuanzia mwaka 2012, ilipotolewa Behringer X32, bei yake ilishuka kiasi cha kuweza kufikiwa na kumbi na makanisa ya kawaida.

Njia hizi tatu zote zilibuniwa kwa ajili ya maonyesho ya Kiingereza zaidi kuliko lugha nyingine. Inafaa sasa zipimwe kwa Kiswahili.

7.0 Kiambishi ha- mbele ya mashine

Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, huweka mwanzoni mwa kitenzi habari zilizo muhimu kuliko zote: nani anayetenda, na kama anatenda au hatendi. Katika kauli *hawatauza*, kiambishi *ha-* hubeba ukanushi, *wa-* hubeba nafsi, *-ta-* hubeba wakati, ndipo mzizi unafuata. Mkazo, kwa upande wake, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo silabi inayobeba ukanushi ndiyo ya kwanza kutamkwa, na haina mkazo. Zaidi ya hayo, huanza kwa *h*, ambayo ni pumzi tupu.

Si kila kauli kanushi iko katika hatari sawa. Katika wakati uliopita, *hawakuuza* ikipoteza *ha-* hubaki *wakuuza*, na kiambishi *-ku-* humshtua msikilizaji kwamba kuna kilichokosekana. Katika wakati uliopo, *hawauzi* hubaki *wauzi*, na irabu *-i* ya mwisho hutoa ushahidi uleule. *Hawajauza* nayo hulindwa na *-ja-*. Kauli hizi zina ukanushi mara mbili, mwanzoni na ndani ya neno, na kwa hiyo zina kinga.

Kauli zisizo na kinga ni zile ambazo ukanushi wake wote umebebwa na *ha-* peke yake. Hizo ni za wakati ujao (*hatutauza*, *tutauza*), za masharti (*hawangekuja*, *wangekuja*), za kumiliki (*hatuna*, *tuna*), na za kuwapo (*hakuna*, *kuna*; *hayupo*, *yupo*). Nafsi ya kwanza umoja ina hatari yake ya pekee: *sitauza* ikikatwa hubaki *tauza*, na katika usemaji wa haraka, na katika ushairi pia, *tauza* ni ufupisho unaokubalika wa *nitauza*.

Orodha hiyo ndiyo orodha ya kauli zinazoendesha tamthilia. Wakati ujao ni wakati wa ahadi, kiapo na tishio. Kauli za kumiliki na za kuwapo ni kauli za njaa, za kifo na za kupotea kwa mtu. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, huishia kwa mtu anayekataa kuikana kauli yake mbele ya nguvu ya Wajerumani. Katika mchezo wa aina hiyo, tofauti kati ya kukubali na kukataa ndiyo mchezo wenyewe.

Hesabu ya muda huizidisha hatari. Mtu anayesikia sauti na kuitikia kwa kidole huhitaji takriban moja ya tano ya sekunde. Katika usemaji wa kawaida, silabi moja ya Kiswahili hutamkwa ndani ya muda kama huo au pungufu. Ina maana kwamba fundi anayesubiri kumsikia mhusika ndipo afungue maikrofoni yake atakuwa amechelewa kwa silabi moja. Ndiyo silabi ileile.

Mwishoni mwa kauli pana hatari ndogo inayofanana na hiyo. Silabi ya mwisho ya neno la Kiswahili haina mkazo, na fundi mwenye haraka huikata kwa urahisi. *Njooni* hubaki *njoo*, na wito wa umati hugeuka kuwa wito wa mtu mmoja. *Shambani* hubaki *shamba*.

Njia ya kwanza ya mashine, ile ya kupima nguvu ya sauti, inaonekana sasa udhaifu wake. Ikiwekewa kiwango cha chini, hufunguliwa na ngoma, au na upepo wa kiangazi katika uwanja wa wazi kama ilivyo Ufipa. Ikiwekewa kiwango cha juu, silabi isiyo na mkazo haiwezi kuivuka, na mlango hufunguliwa na silabi zinazofuata. Kifaa cha Dugan hupunguza kasoro hii kwa kuwa hakifungi kabisa, lakini hakijui nani ana haki ya kusikika. Mzee anayekohoa pembeni mwa jukwaa hupewa sehemu yake pia.

Njia ya pili, ya saa, hugongana na desturi. Katika taarabu, watazamaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji fedha, na mwimbaji hodari huurudia ubeti au kiitikio kwa kadiri wanavyozidi kuja. Kichekesho nacho husimama hadi kicheko kiishe. Saa ya mashine haimngoji anayetunza wala anayecheka.

8.0 Kidokezo kama kazi ya lugha

Inabaki njia ya tatu. Hii haimtegemei anayesema, bali aliyemtangulia. Chukuliwa mfano mfupi uliotungwa kwa ajili ya mhadhara huu, katika mchezo kuhusu ardhi ya bonde la Ziwa Rukwa:

MZEE: Mwanangu, mtawauzia bonde lote?
KIJANA: Hatutauza, baba.

Kidokezo cha kufungua maikrofoni ya Kijana hakiwezi kuwa *hatutauza*. Lazima kiwe *bonde*, neno moja kabla ya mzee kumaliza. Maikrofoni ya mzee nayo isifungwe hadi *lote* limalizike kabisa. Kwa sekunde moja maikrofoni mbili zitakuwa wazi, na hasara ya desibeli 3 ni bei ndogo ya kulipa kuliko kumfanya kijana auze bonde mbele ya watu mia tano.

Kutokana na mfano huu kanuni tatu zinaweza kupendekezwa kwa waandaaji wa maonyesho ya Kiswahili. Kwanza, kidokezo kiwekwe katika maneno ya mtangulizi, na maandiko ya fundi yapigiwe mstari kila penye kauli kanushi isiyo na kinga. Pili, jozi za desturi zichukuliwe kuwa kidokezo kimoja: *hodi* na *karibu*, *shikamoo* na *marahaba*, *paukwa* na *pakawa*. Jibu katika jozi hizi hulipanda neno la kwanza kabla halijaisha, na kuzitenga maikrofoni zake ni kuikata heshima katikati. Tatu, fundi awe mtu anayeijua lugha ya mchezo. Fundi asiyejua Kiswahili anaweza kuusimamia wimbo wenye maneno *hakuna matata* usiku baada ya usiku, kama yalivyosikika katika mchezo wa muziki wa *The Lion King* tangu ulipofunguliwa Marekani mwaka 1997. Siku silabi ya kwanza ikipotea hataona kasoro yoyote, kwa sababu kilichobaki nacho kinasikika kama Kiswahili safi. Na hakika ni Kiswahili safi.

9.0 Somo la tanuri

Swali la kiasi gani mashine iachiwe lina mfano wake Ufipa. Wafuachuma wa huko walijulikana kwa matanuri marefu ya udongo, *malungu* kwa lugha yao, yaliyofikia kimo cha mita 3 hivi. Hadi leo baadhi ya mabaki yake huonekana katika uwanda huo. Tanuri la kawaida huhitaji watu wa kuvuta mivukuto kwa zamu bila kupumzika. Tanuri la Wafipa lilijivutia upepo lenyewe. Kimo chake kilifanya hewa ya moto ipande juu, na hewa mpya iingie kwa nguvu kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Huo ulikuwa mtambo unaojiendesha kwa maana halisi ya neno hilo, kwani kazi ya mikono mingi ilihamishiwa katika umbo la chombo.

Hata hivyo, kazi haikuishia hapo. Chuma kilichotoka katika tanuri kubwa kilikuwa bado na uchafu mwingi. Kilipelekwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo *kintengwe*, na hapo mivukuto ilirudi mikononi mwa watu. Hatua ya mwanzo, yenye kazi nzito na ya muda mrefu, iliachiwa upepo. Hatua ya mwisho, iliyoamua ubora wa chuma, ilisimamiwa kwa jicho na mkono.

Mgawanyo huohuo ndio ambao mafundi wa sauti katika kumbi kubwa wameufikia baada ya miongo kadhaa ya majaribio. Orodha ya vidokezo huiachia mashine kazi nzito ya kukumbuka: katika onyesho hili ni wahusika gani wamo, maikrofoni zao ni zipi, na zipi zifungwe moja kwa moja. Wachache waliobaki huletwa chini ya vidole vya fundi, naye huwafungua kwa mkono, mstari kwa mstari, akiwasikiliza na akiwatazama wakivuta pumzi.

10.0 Sauti isiyo katika orodha

Liko jambo moja ambalo mgawanyo huo haulitatui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, katika mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambao Penina Mlama aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1991. Katika sanaa za namna hiyo mtazamaji hana budi kushiriki. Wanakijiji huchambua matatizo yao, huyaigiza, kisha huyajadili, na mchezo unaweza kusimamishwa na mtu aliyekaa chini ya mti.

Mtu huyo hayumo katika maandiko. Hana maikrofoni, hana namba katika orodha, na hakuna kidokezo kinachotangulia neno lake. Kadiri onyesho linavyopangwa kwa ukamilifu zaidi, ndivyo anavyozidi kukosa nafasi. Katika utambaji yeye ndiye aliyekuwa akisema *pakawa*, yaani ndiye aliyekuwa akiifungua sauti ya msanii. Maikrofoni imeligeuza jambo hili juu chini: sasa msanii husikika hata kama hakuna aliyemruhusu, na aliyekuwa mtoa ruhusa hasikiki hata akipiga kelele.

11.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeeleza kwamba kidokezo ni cha zamani kuliko maikrofoni, na kwamba jamii za Waswahili na majirani zao, Wafipa wakiwamo, zilikuwa na taratibu kamili za kugawa zamu ya kusema. Maikrofoni nyingi zilileta tatizo la kifizikia ambalo dawa yake ilikuwa kunyamazisha. Njia tatu za kuikabidhi mashine kazi hiyo zimepimwa kwa Kiswahili, na imeonekana kwamba njia ya orodha ya vidokezo ndiyo inayofaa zaidi, kwa sharti kwamba orodha iandaliwe na mtu anayejua ukanushi wa Kiswahili unakaa wapi.

Mapendekezo mawili yanafuata. Vyuo vinavyofundisha sanaa za maonyesho, kama kile cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, viifanye sarufi ya kidokezo kuwa sehemu ya mafunzo ya mafundi wa sauti, na wanaisimu waandae istilahi zake ili maikrofoni na spika zisiendelee kuitwa jina moja. Pili, katika kila onyesho linalofanyika mbele ya wanakijiji, iwe Malya au Sumbawanga, iwekwe maikrofoni moja upande wa hadhira, isiyo chini ya orodha yoyote, naye fundi asiiguse mpaka mtu wa mwisho amalize kusema.